Pongezi kwa Wajenzi wa Aqal wa Ijara

Nikolaus Pevsner alipoanza mwaka 1951 kuchapisha vitabu vya majengo ya Uingereza, kaunti baada ya kaunti, alikuta makanisa na majumba ya mawe yakimngoja mahali pake. Ijara, iliyo kusini mwa Kaunti ya Garissa kati ya Mto Tana na msitu wa Boni, ina urithi wa ujenzi ambao hauna msingi wa mawe, kwa kuwa umo mikononi mwa wanawake wa Kisomali wajengao aqal, yaani nyumba ya wafugaji yenye umbo la kuba, inayoweza kubomolewa na kuhamishwa.

Mjenzi hupinda fito, huzifunga kwa kamba na kuzifunika kwa mikeka iliyosukwa kwa nyuzi za mimea, na siku ya kuhama fito na mikeka hiyo hiyo hupakiwa juu ya mnyama wa mizigo. Nyumba ni mali ya mwanamke, huandaliwa na jamaa zake wakati wa ndoa, na nyimbo zinazoimbwa mikeka ikisukwa hubeba kumbukumbu za ukoo, ukame na malisho.

Wajenzi hawa wanastahili heshima ya wasanifu majengo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Basi serikali ya kaunti, shule na makumbusho ziurekodi ujuzi wao wangali hai, na majina yao yaandikwe pamoja na ujuzi huo.