Jembe la Mchora Katuni

Mama anajitwisha ndoo ya maji. Ni tendo la kama sekunde tatu, na aliyekulia kwenye nyumba isiyo na bomba halioni la ajabu. Mchora katuni hulitazama mara mia. Anagundua kwamba kabla mikono haijainuka, magoti yameshajikunja. Kwamba ndoo hutulizwa kwanza pajani, ndipo ipandishwe kwa mkupuo. Kwamba ikishakaa juu ya ngata, shingo hudidimia kidogo kisha hunyooka, na maji huendelea kuyumba wakati mwili umekwisha kutulia. Akisahau lolote kati ya hayo, watazamaji wataona ndoo tupu, hata kama ameipaka buluu hadi ukingoni.

Ufundi wa katuni huanzia kwenye jicho la namna hiyo, na ndiyo sababu nausifu. Sinema huenda kwa fremu 24 kila sekunde. Wachoraji wengi hushikilia kila mchoro kwa fremu mbili, kwa hiyo michoro 12 hutosha kwa sekunde moja. Ndoo ya sekunde tatu inadai michoro 36, na dakika nzima inadai 720. Mwigizaji wa kawaida atajitwisha ndoo mbele ya kamera, akaenda zake kunywa chai. Mchora katuni atakaa na ndoo hiyohiyo siku kadhaa, na akitoka hapo atakuwa amemjua yule mama kuliko jirani zake.

Zamani subira hiyo pekee haikutosha. Studio zilinakili kila mchoro kwenye karatasi angavu ya selo, zikaupaka rangi kwa nyuma, zikaupiga picha mmoja mmoja, kisha filamu ikapelekwa maabara kusafishwa. Hata hivyo Moustapha Alassane wa Niger, aliyejifunza kwa Norman McLaren kule Kanada, alitoa katuni yake ya rais wa nchi ya vyura mwaka 1966, miaka mingi kabla kompyuta haijaingia majumbani. Leo programu moja imechukua nafasi ya selo, rangi, kamera na maabara. Kilichobaki ni kuichagua, na wengi hukwama hapohapo.

Mchagua jembe si mkulima, walisema wahenga. Wapo vijana wenye vipaji wanaomaliza miezi wakitazama video za kulinganisha programu hii na ile, na hawajachora hata mpira unaodunda. Lakini jembe bovu nalo huvunja mgongo, kwa hiyo kuchagua kuna nafasi yake: chagua mara moja, kwa sababu zinazoeleweka, kisha funga mjadala uingie shambani.

Sababu ya kwanza ni umiliki. Programu nyingi za kitaalamu siku hizi hukodishwa kwa mwezi au kwa mwaka. Kodi ikikatika, programu haifunguki, na mafaili uliyoyahangaikia yanabaki upande wa pili wa mlango. Wengine hukimbilia nakala za wizi zinazopitishwa kwenye flashi, wakaletewa virusi pamoja nazo. Baadhi ya programu za bure za simu nazo hugonga nembo ya kampuni juu ya kazi yako. Programu rahisi ya kweli ni ile ambayo miaka kumi ijayo utaweza kufungua faili lako bila kumwomba mtu ruhusa, na hapo ndipo programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, zinaposhinda.

Zimefikaje mikononi mwetu? Mojawapo, Blender, ilikuwa mali ya kampuni moja ya Uholanzi iliyofilisika mwaka 2002. Muasisi wake, Ton Roosendaal, aliwageukia watumiaji wenyewe; wakachanga euro 100,000 ndani ya wiki saba, na Oktoba mwaka huohuo msimbo wake ukaachiliwa kwa umma. Toonz, programu ya Kiitaliano iliyotumika katika studio ya Ghibli ya Japani tangu siku za filamu ya Princess Mononoke, iliachiliwa mwaka 2016 kwa jina la OpenToonz. Kwa hiyo kijana anayepakua programu hizi hapokei makombo. Anapokea zana zilizokwishafanya kazi nzito.

Sababu ya pili ni mashine uliyonayo. Laptop ya mtumba yenye RAM ya GB 4 itaibeba Pencil2D bila manung'uniko: ni nyepesi, ina vitufe vichache, na hukuonyesha mchoro uliotangulia kwa ukungu chini ya mchoro mpya, ili mkono ujue ulikotoka. Anayeanza na penseli ningemwelekeza huko. Mwenye mashine yenye nguvu kidogo na anayependa rangi na brashi atafurahia Krita, iliyopata vifaa vya katuni mwaka 2016. Synfig humfaa asiyetaka kuchora kila hatua, kwa sababu unaiwekea mkao wa mwanzo na wa mwisho, nayo inakokotoa ya katikati. Blender hufanya yote, michoro bapa na maumbo ya pande tatu, ila inataka RAM ya GB 8 kwa uchache, kadi ya picha isiyo kuukuu sana, na mwanafunzi asiyeogopa bahari ya vitufe.

Uzuri wa ufundi huu huonekana pia katika hila ndogondogo zinazopitishwa kutoka kwa mtu hadi mtu. Mojawapo nyumba zetu zinaihitaji sana: unapofikia hatua ya kurenda, yaani programu kutoa picha za mwisho, usiiagize programu itoe video moja kwa moja. Iagize itoe picha, kila fremu faili lake, zenye namba mfululizo. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 400, unawasha tena na kuendelea na ya 401. Ungekuwa unatoa video, huenda ungeanza upya. Picha zikikamilika unaziunganisha, unatia sauti uliyoirekodi kwa simu chumbani feni ikiwa imezimwa, na filamu imepatikana.

Atakayesema vya bure havifiki mbali aitazame Flow ya Gints Zilbalodis wa Latvia. Ni safari ya paka katika dunia iliyofunikwa na maji, isiyo na neno hata moja la mazungumzo, iliyotengenezwa kwa Blender. Mwezi Machi 2025 ilitwaa Oscar ya filamu bora ndefu ya katuni. Tusidanganyane: haikuwa kazi ya mtu mmoja sebuleni. Iligharimu mamilioni ya euro, na fedha hizo zililipa watu na muda wao. Lakini kabla yake Zilbalodis alikuwa ametengeneza peke yake filamu ndefu nzima, Away ya mwaka 2019, hadi muziki wake, kwa miaka zaidi ya mitatu. Umahiri aliujenga kwanza akiwa peke yake, kikosi kikaja baadaye.

Kwetu njia imeshafunguliwa pia. Tangu 2014 watoto wa Tanzania wanajifunza hesabu kwa Kiswahili kupitia katuni za Ubongo Kids, zilizozaliwa Dar es Salaam. Bado kuna hadithi tele za sungura na fisi, za makondakta wa daladala na mabibi wenye ndimi kali, ambazo hakuna mgeni atakayekuja kutuchorea. Na akija, magoti ya mama yetu hatayakunja inavyostahili.

Kwa hiyo, msomaji mwenye kiu hii, pakua programu moja usiku wa leo bando likiwa nafuu. Anza na mpira unaodunda mpaka uonekane una uzito. Kisha mchore mtu unayemjua akifanya jambo moja kwa sekunde kumi, umalize, uwaonyeshe wenzako hata kama watacheka. Usihamie programu nyingine kabla hujamaliza filamu tatu fupi kwa hiyo uliyo nayo. Bei si kisingizio tena. Kinachodaiwa sasa ni saa mbili kila jioni, na hizo hakuna programu itakayokulipia.