Kumcheka Mwas

Mwigizaji akiweza kukuchekesha kwa habari za mwizi huku mkono wako umeshika mfuko, huyo ameiva. Joseph Wairimu ameiva. Katika Nairobi Half Life, filamu ya David "Tosh" Gitonga ya mwaka 2012, anamcheza Mwas, kijana wa kijijini anayeuza DVD kwa kuwaigizia wateja yaliyomo, kisha akashika njia kwenda Nairobi kutafuta jukwaa. Mji unampora alichonacho na kumtia mahabusu.

Humo mahabusu analazimishwa kusafisha choo kichafu kupita kiasi. Utazame uso wake hapo. Kichefuchefu kinapanda, aibu inakifuata, kisha mtu anaamua kuimaliza kazi. Tunacheka, lakini koo limekaza. Kuvibeba vyote hivyo kwa pamoja, bila kimoja kukimeza kingine, ni ufundi wa miaka, naye alikuwa bado kijana.

Hapa Namakwekwe, mjini Mbale nchini Uganda, chini ya mlima Wanale, vibanda vya video vimezoea sauti ya VJ ikifasiri kwa Kiganda juu ya milio ya risasi. Kiswahili cha Mwas na Sheng yake tulizifuata wenyewe. Kenya si mbali. Genge la Oti, ambalo Mwas anajiunga nalo, lilipoanza kung'oa vioo na taa za magari ya watu, benchi zima lilicheka. Kijana wa bodaboda mbele yangu hakucheka. Aliwahi kuibiwa pikipiki, na deni lake alikuwa bado analilipa.

Tangu hapo siipendi filamu hii kwa moyo mmoja. Wenye magari hawana sura wala majina. Tunamjua mwizi tu, njaa yake na ndoto zake. Na mwishoni wenzake wanaangamia, yeye anafika jukwaani, kana kwamba kipaji kinatosha kumtoa mtu katika damu ya wengine. Hilo nalikataa kabisa.

Lakini Wairimu mwenyewe haupokei msamaha huo. Pale jukwaani hachezi kama mtu aliyeokoka. Anawageukia watazamaji, na sauti yake imebeba waliokufa. Marehemu Olwenya Maina, aliyemcheza Oti, alikuwa na kipawa hichohicho: upole wake ulitisha kuliko hasira. Majaji wa tamasha la filamu la Durban walimpa Wairimu tuzo ya mwigizaji bora mwaka huohuo wa 2012, na hata kijana yule wa bodaboda, tukitoka nje, alisema jamaa anajua kazi.