Heko, Mwalimu wa Darasa la Kwanza

Anayedhani kazi ngumu shuleni ni kuandaa darasa la saba kwa mtihani, akakae wiki moja na darasa la kwanza. Jumatatu mwalimu anakagua kucha na sare mstarini, kisha wanaingia kwenye silabi: ba, be, bi, bo, bu. Watoto wanaziimba zote bila kukosea. Lakini akiandika "bo" peke yake ubaoni, nusu ya darasa kimya! Wamekariri wimbo, hawajasoma. Hapo ndipo ufundi wake unapoonekana. Anachanganya kadi, anawaandikisha hewani kwa kidole, kisha mchangani, kisha daftarini, mpaka siku mtoto anapounganisha "ba" na "ba" akashtuka kuwa ameandika baba.

Hesabu ni vijiti na vizibo vya soda. Ijumaa ni usafi na michezo, na madaftari ya kusahihisha humfuata nyumbani.

Mwaka 2015 Tanzania ilianza mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliokazia KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Januari 2016 michango ya lazima ikafutwa, watoto wakafurika. Kiwango rasmi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja; walimu wengi wanakijua kwenye karatasi tu. Sifa za ufaulu, hata hivyo, huenda kwa wenzao wa madarasa ya juu. Si haki.

Mzazi, ukitaka kumpongeza, mchongee mwanao penseli kabla hajatoka nyumbani.