Askari wa c6

Fundi simu mmoja wa Luthuli Avenue, mkazi wa Kangemi, amecheza chesi miaka mingi kwa jibu lilelile. Mweupe akisogeza askari e4, yeye humkabili palepale kwa e5. Njia za hapo anazijua, na wenzake wanajua kwamba anazijua, hivyo mchezo ukafika mahali ukawa haumfundishi tena. Akaamua kujifunza ulinzi wa Caro-Kann. Namna anavyojifunza ndiyo iliyonikalisha mezani kwake jioni baada ya jioni, kwenye hoteli wanakokutania wachezaji mjini, chai ikipoa.

Anakunjua ubao wa plastiki, anaulaza mpaka pembe zitulie, kisha anapanga kete zote 32 ingawa anakusudia kusogeza chache tu. Mweupe e4, mweusi c6. Mweupe d4, mweusi d5. Hapo anasimama. Mkono uliokuwa umeshika kibano kutwa nzima unamgusa askofu wa c8 bila kumwinua.

Askofu huyo ndiye sababu ya yote. Katika ulinzi wa Kifaransa askari wa e6 hutangulia, na askofu akabaki amefungiwa nyuma ya askari wa upande wake. Katika Caro-Kann, Mweupe akisukuma e5, askofu hutoka kwanza hadi f5, ndipo e6 ifuate. Gharama yake ipo: askari wa c6 atalazimika baadaye kwenda c5 kuishambulia d4, awe ametumia hatua mbili kwa safari ya hatua moja. Kwa mtu aliyezoea kukimbilia katikati, kukubali kuchelewa hivyo si jambo dogo.

Horatio Caro, Mwingereza, na Marcus Kann wa Vienna waliuchambua ulinzi huu mwaka 1886. Mwaka 1958 Mikhail Botvinnik, akiwa na miaka 46, aliushika katika mechi ya marudiano dhidi ya Vasily Smyslov na kutwaa tena ubingwa wa dunia. Fundi anapenda sana kuikumbuka habari hiyo.

Kisha anageuza ubao, anakaa upande wa Mweupe na kujitafutia madhara mwenyewe. Askofu akishafika f5, anasukuma h4. Askari huyo wa pembeni anaonekana hana neno. Anamjibu e6, kama atakavyofanya asiyejua. Mweupe g4: askofu anakimbilia e4. Mweupe f3: anarudi g6. Mweupe h5, na askofu hana pa kwenda. Popote atakapokanyaga ataliwa, na akibahatika atakufa na askari mmoja. Fundi anarudisha kete na kuanza upya, taratibu zaidi, mpaka aone wazi kwa nini h4 hujibiwa h5: g4 ikija sasa, Mweupe atapoteza askari.

Mazoezi mengine huyafanya kwenye matatu, foleni ikiwa imesimama Waiyaki Way, simu mkononi, kwenye tovuti ya chesi ya Lichess. Hushindwa mara nyingi. Akishindwa hakimbilii uchambuzi wa mashine. Anaandika daftarini hatua ambayo hapo hakuelewa tena anachofanya, na sababu aliyodhani anayo. Baadaye sana ndipo anaiuliza mashine. Naamini hapo ndipo wengi wetu tunapojinyima: tunapokea jibu kabla hatujalisumbukia swali.

Ijumaa moja mwanafunzi wa chuo alimsukumia h4 ile ile. Saa ilikuwa ikihesabu, fundi hakuharakisha. h5. Kijana akaleta askofu d3. Maaskofu wakalana, malkia mweupe akabaki d3. e6. Kete ambayo katika ulinzi wa Kifaransa ingekuwa mzigo ilikuwa imekwishaondoka ubaoni, na imeondoka na askofu bora wa Mweupe. Hatua chache mbele c5 ikaja, askari yule akimaliza safari yake ndefu, na d4 ikaanza kuhitaji walinzi. Wakacheza hadi wakabakiza wafalme na askari wachache, wakapeana mikono kwa sare.

Bado anapoteza michezo mingi kuliko enzi za e5, ila kwa macho yangu sasa ni mchezaji bora. Kama nawe umenaswa na jibu moja, panga kete usiku wa leo, anza na c6, na Mweupe akija na h4, jibu h5.