Jina lililo chini ya jina la mseto

Pakiti ya mseto, dawa ya malaria inayouzwa kwenye duka la dawa muhimu, iwe Litembo kule milimani au Mbamba Bay ufukweni, ina majina mawili. La kibiashara limeandikwa kwa herufi kubwa. Chini yake, kwa herufi ndogo, kuna artemether 20 mg na lumefantrine 120 mg. Ni hilo la chini linaloeleza dawa ni ya ukoo gani.

Shirika la Afya Duniani liliweka utaratibu wa majina haya ya chini mwaka 1950, na orodha ya kwanza ikatoka 1953. Kila kundi la dawa hupewa shina lake. "Arte-" ni ukoo wa artemisinini, dawa ambayo kikosi cha Tu Youyou nchini China kiliipata mwaka 1972 kutoka kwenye mmea wa Artemisia annua. "Mether" ni ufupisho wa methili etha, kipande ambacho wanakemia waliongeza.

"Fantrine" ina kazi zaidi. Imetokana na fenanthrini, pete tatu za kaboni zilizoshikana. Kanuni zinataka f badala ya ph, na t badala ya th, ili jina liandikike kwa urahisi katika lugha nyingi. Kwa hiyo h zote mbili zikaanguka. (Artemether imebaki na th yake.) Halofantrine, dawa nyingine ya malaria yenye shina hilo, inazo pete hizo kweli. Lumefantrine haina: kiini chake ni fluorini yenye e, yaani fluorene, wala si ile ya dawa ya meno. Ilipewa shina hilo kwa kuwa molekuli zake zimejengwa kwa mtindo unaofanana na wa halofantrine. Kwangu huo ni udhaifu wa mfumo, maana shina limeacha kutaja kemia na kubaki kutaja ujamaa tu.

Jina la klorokwini, iliyokuwa dawa ya kwanza ya malaria Tanzania Bara hadi 2001, lina historia ndefu zaidi. Pelletier na Caventou waliita dawa yao kwinini mwaka 1820, kutokana na quina, jina la gome huko Peru. Mwaka 1842 Gerhardt alipasha moto dawa za gome hilo pamoja na potashi, akapata kwinolini. Klorokwini iliundwa maabara mwaka 1934, bila gome lolote, na baadaye jina lake likachukua "kwin" ya kwinolini na "kloro" ya klorini.

Majina haya yana faida nyumbani. Mzazi mwenye Coartem na Lumartem anaweza kudhani ya pili ni kali zaidi, ampe mtoto zote mbili. Mstari wa chini unaonyesha ni dawa ileile. Neno mseto nalo halitoshi. Zanzibar ilipoacha klorokwini mwaka 2003, mseto wake ulikuwa artesunate na amodiaquine: "arte-" ya ukoo uleule, lakini mwenzake ana "-quine", ndugu wa klorokwini.