Haruni Mfuata Amani

Katika kitabu cha Wayahudi kiitwacho Pirke Avot, yaani Sura za Mababa, mwalimu Hillel awahimiza watu wawe wanafunzi wa Haruni, waipende amani na kuifuatia. Uzuri wa neno hili umo katika kufuatia: amani haimjii aketiye. Walimu wa baadaye husimulia kwamba Haruni aliwaendea wagombanao, akimwambia kila mmoja kuwa mwenzake anajuta.

Hapo nina shaka. Je, kama mwenzake hakujuta? Haruni huyo huyo, kwa kuwaridhisha watu, aliwafanyizia ndama. Amani iliyojengwa juu ya uongo haidumu.

Lakini miguu yake naisifu. Mwaka 1955, hapa Uluguru, watu walilazimishwa kuchimba matuta milimani. Walikataa, fujo ikatokea Matombo, damu ikamwagika, na matuta yakaachwa. Kuulinda udongo lilikuwa jambo jema, ila jema likija kwa kulazimisha huchukiwa. Basi kiongozi na apande mlima kama Haruni, abishe hodi, asikilize. Kisha aseme kweli tupu.