Upesi na Kuwahi

Kiswahili kinatenga upesi na kuwahi, na wavuvi wa pwani ya Kilwa hawahitaji kufundishwa tofauti hiyo. Mashua ya mashine ikifika maji yamekwisha kupwa hukwama matopeni, ilhali dau lililotweka tanga kwa saa yake limekwisha kutia nanga. Makala ya C. L. Liu na James W. Layland, yaliyotolewa mwaka 1973 katika jarida la chama cha wanakompyuta cha Marekani, ndiyo yaliyowapa mafundi hesabu ya kuwahi. Ni makala ya kusifiwa. Lakini nadhani yamesifiwa kwa namba zake zaidi ya yanavyosomwa.

Kwetu Kinjumbi jambo hili haliko mbali. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 katika wilaya yetu hii ya Kilwa na kuanza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004, hupita chini ya bahari kilomita 25 hadi Somanga Fungu, kisha nchi kavu kilomita 207. Mitambo ya gesi huongozwa na kompyuta zinazopima msukumo na, mambo yakiharibika, kuamuru vali zifungwe. Jibu sahihi likichelewa hapo halina faida kuliko jibu la makosa.

Liu na Layland waliuliza: prosesa moja ikipewa kazi nyingi zinazojirudia, tutajuaje kabla ya kuiwasha kwamba kila kazi itamalizika kabla ya zamu yake ijayo? Wakajibu kwamba kazi yenye zamu za karibu karibu ipewe kipaumbele. Tuseme kupima msukumo kunachukua milisekunde 2 katika kila 10, na kuandika kumbukumbu kunachukua 30 katika kila 50. Jumla ni asilimia 80 ya muda wa prosesa. Kwa kazi mbili kikomo cha usalama ni kama asilimia 83, kwa hiyo zote zitawahi, bila kubahatisha. Kazi zikizidi sana, kikomo hushuka hadi karibu asilimia 69. Uzuri wa hesabu hii ni kwamba inaweza kufanywa kwa kalamu, hata mahali umeme umekatika.

Ila hesabu hiyo imesimama juu ya masharti, na waandishi hawakuyaficha. Sharti moja ni kwamba muda wa kila kazi haubadiliki. Prosesa za leo zina kumbukumbu ndogo ya karibu. Kitu kikiwamo humo, kazi huruka, kisipokuwamo, husubiri. Basi mashine mpya huenda ikawa na wastani mzuri kuliko ya zamani na bado ikawa ngumu zaidi kuitabiri. Mhandisi akisema vali hufungwa kwa wastani wa nusu sekunde, mwanakijiji ana haki ya kuuliza: na siku ikichelewa kuliko zote? Wastani haumwambii kitu aishiye kando ya bomba.

Sharti la pili ndilo ninaloliona dhaifu zaidi: kwamba kazi hazitegemeani. Mtambo gani wa kweli uko hivyo? Kazi hugombea kitu kimoja, kama nyumba ya ndugu wengi yenye ufunguo mmoja.

Layland alikuwa mtumishi wa Jet Propulsion Laboratory ya California. Taasisi hiyo hiyo ilitua chombo cha Pathfinder juu ya Mars tarehe 4 Julai 1997, na baada ya siku chache kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha upya. Kazi ndogo ya hali ya hewa ilishika ufunguo. Kazi ya kati ya mawasiliano ikaisukuma kando. Kazi kubwa, iliyouhitaji ufunguo huo, ikabaki mlangoni mpaka saa ya ulinzi ikadhani mambo yamekwama. Hapakuwa na uhaba wa kasi. Dawa, yaani mshika ufunguo aazimwe kipaumbele cha anayemsubiri, ilikwisha kuelezwa na Sha, Rajkumar na Lehoczky mwaka 1990, na ilikuwamo ndani ya programu ya chombo, imezimwa. Mafundi waliiwasha kwa amri iliyotumwa kutoka duniani.